Kwangu Hawapo

Ndege walishuka kabla jua halijapanda vizuri, na Bi Saleha alikuwa bado katikati ya ngazi. Ngazi yenyewe ya dungu, kichanja cha kuwingia ndege, ilikuwa na vipago sita tu. Zamani aliipanda na mtoto mgongoni na kikapu kichwani, lakini mwaka huu kila kipago alikipumzikia, akashika goti, akalalama kimoyomoyo, ndipo akaendelea. Alipofika juu na kuketi kwenye jamvi lililochakaa, kundi zima lilikwisha kutua jaruba la mwisho, na mashuke ya mpunga yalikuwa yakiyumba ingawa hapakuwa na upepo.

"Hoo!" akapiga kelele. "Hoo! Tokeni!"

Nusu ya sauti ilitoka, nusu ikabaki kifuani. Akashika fimbo, akapiga debe bovu. Kwelea wakainuka, wakazunguka kidogo kama watu walioambiwa wasogee kwenye benchi, wakatua jaruba la pili. Akapiga tena. Wakarudi kule kule. Tangu Jumatatu walikuwa wakimfanyia mzaha huo, na yeye alishajua kwamba wameshamjua.

Mpunga ulikuwa umetia maziwa. Zilibaki wiki tatu kabla ya mavuno, na wiki tatu hizo ndizo zingeamua kama nyumba yake itakula wali wake yenyewe mpaka mfungo, au itaanza kupimiwa unga dukani mapema. Majaruba manne, midomo minne: yeye, mkwewe Mwanakombo, mjukuu wake Zuleha wa darasa la nne, na mdogo wake Zuleha aliyeanza juzijuzi kuachishwa ziwa. Mwanawe Rahimu alikuwa Ushongo, mfanyakazi wa nyumba moja ya wageni, na mshahara wake ulikuwa na desturi ya kwisha njiani.

Bonde la Kitivoni lilikuwa na madungu kumi na moja. Mwaka huu manne yalikaliwa na wazee, kila mmoja na kikohozi chake. Mengine yalikuwa matupu, wenyewe wamefunga mifuko ya plastiki kwenye miti ili ipeperuke iwatishe ndege. Bi Saleha aliwaona ndege wakitua juu ya mifuko hiyo kujikunakuna.

Miaka yote aliyoishi pale, kuwinga ndege kulikuwa shughuli ya watoto, wala hakuna mtu mzima aliyeihesabu kuwa kazi. Likizo ya mwezi wa sita ikianza, watoto walishuka bondeni na mihogo yao ya kuchoma, na huko chini walikuwa wao na Mungu wao. Walifinyanga ng'ombe wa udongo, walicheza mdako kwenye kingo za majaruba, walibembea chini ya madungu mpaka miti ikalia. Na walikuwa na mwito wao. Mtoto wa dungu la juu, karibu na mto, aliita, "Kwangu hawapooo!" Wa dungu la pili ilimpasa kudaka papo hapo, "Na kwangu hawapooo!" Hivyo hivyo mpaka la kumi na moja, kisha mwito ukapanda tena. Aliyechelewa kujibu ndiye mwenye ndege, na mwenye ndege alichekwa kutwa na kutumwa maji. Hakuna aliyetaka kuwa mwenye ndege. Kwa hiyo kelele zilizuka huku, zikazuka kule, muda wowote, na kwelea hawakupata pa kutuliza miguu. Watoto wala hawakuwa wakiwafukuza. Walikuwa wakicheza tu, na mpunga ukapona.

Sasa watoto walikuwa kambini. Kikao cha wazazi kilipitisha hivyo: darasa la nne na la saba walale shuleni likizo nzima, wajiandae na mtihani, wadogo waende twisheni asubuhi na chuoni alasiri. Shule ilikuwa kwenye mwinuko ng'ambo ya bonde, na kutoka dunguni Bi Saleha aliwasikia wakiimba jedwali, saba mara saba, saba mara nane, sauti moja, kipimo kimoja, kila siku saa ile ile. Ndege walikuwa wakila huku wakiwasikiliza.

Jumapili Rahimu alikuja mapumziko. Alikula kwanza, akanawa, akajipangusa kwa kanga ya mkewe, ndipo akasema lililomleta.

"Mama, mwalimu amenipigia simu. Anasema ulituma mtu shuleni, unamtaka mtoto."

"Niliuliza tu kama wanaweza kushuka asubuhi mbili kwa wiki. Ndege wanatumaliza, baba."

"Asubuhi mbili za kufanya nini?"

"Za kukaa dunguni. Kucheza kama mlivyokuwa mkicheza nyinyi."

Rahimu alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. "Mimi nilicheza, mama. Nilicheza kuliko mtoto yeyote bonde hili, hakuna aliyewahi kunifanya mwenye ndege. Nimepata nini? Saa kumi na moja alfajiri nafagia mwani ufukweni ili wageni wasiukanyage. Nao wanakuja na watoto wao, wanalipa pesa nyingi, watoto wanachimba mchanga kutwa nzima, na mimi ndiye nawasogezea ndoo."

"Hao watoto wao hawana mtihani?"

"Hao wana baba zao."

Mwanakombo alikuwa akimkoshea mtoto bakuli. Hakuwa mwanamke mkorofi, na maneno yake aliyasema taratibu bila kuinua uso. "Mama, Zuleha amepata thelathini na moja kwa mia. Darasa la nne akianguka anarudia. Mimi nilianguka la saba, nikakaa nyumbani, nikaolewa. Sisemi nimeolewa vibaya. Nasema sikuulizwa."

Bi Saleha alitazama mikono yake. Alitaka kuwaambia kwamba mtoto wa miaka kumi asiyekimbia anaharibika kama mbegu iliyofungiwa kwenye chupa, lakini hakuwa na cheti cha kuthibitisha jambo hilo. Tena hakuwa na uhakika kama anamtetea mtoto au anatetea mpunga wake. Hilo lilimchosha kuliko ngazi.

"Basi," alisema. "Nitaendelea mwenyewe."

"Punguza jaruba moja," Rahimu alishauri. "Waachie hilo la mwisho."

"Wameshalichukua, baba. Hawakungoja niwaachie."

Jumanne alipanda shuleni kumpelekea Zuleha sare iliyofuliwa. Mwalimu Anold alimpokea kwa heshima, akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Alikuwa kijana wa Lushoto, mlokole, mwembamba, macho mekundu kwa kusahihisha madaftari. Shule yake ilikuwa imeshika mkia katika kata, na kila mkutano alisimamishwa aeleze kwa nini.

"Bibi, mimi sina ubaya na mpunga wako," alisema. "Lakini hawa nikiwaachia siku moja, siku ya pili hawashikiki."

"Wanacheza saa ngapi?"

"Wanacheza." Akamwonyesha ratiba iliyobandikwa mlangoni. "Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na nusu. Nami nawasimamia mwenyewe, kwa filimbi."

Zuleha aliitwa. Alikuja ameshika mikono nyuma kama wanavyofundishwa, akasimama mbali kidogo na bibi yake. Bi Saleha alimkagua: amekonda shingo, nywele zina vumbi la chaki. Mwalimu aliitwa na mwenzake dirishani, akawapa mgongo. Hapo ndipo Bi Saleha alipofanya kosa lake, na alilifanya akijua.

"Dungu letu kimya, mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nawasikia mnaimba huku, kule mimi sina wa kunijibu."

Hakusema njoo. Baadaye alijitetea moyoni kwa neno hilo, kwamba hakusema njoo. Mtoto alimtazama, akaipokea sare, akakimbia.

Walikuja Jumatano, watano, wakati wa uji. Bi Saleha alisikia majani yanachakarika nyuma ya dungu, akajua si ndege. Zuleha alipanda vipago vyote sita kwa hatua tatu.

"Bibi, tumekuja kidogo tu."

"Mmeaga?"

Wenzake wanne walikwisha gawana madungu matupu, kila mmoja akikimbia kwenye kingo na viatu mkononi. Mwanzoni walikuwa wazito. Waliuliza wafanye nini, nani aanze, nani mshindi, mpaka Bi Saleha akakasirika: "Mnaniuliza mimi? Chezeni!" Akawafundisha mwito. Mara ya kwanza uliwakatikia katikati. Mara ya pili ukafika mwisho, ukarudi, na mwenye ndege akapatikana, kisichana kimoja kilichokuwa kikishangaa kaa, na bonde zima likacheka. Wale wazee watatu kwenye madungu yao wakaanza nao kujibu kwa sauti zao za kikohozi. Mzee Yasini, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu afiwe na mkewe, alichelewa makusudi ili atumwe maji.

Kundi la kwelea liliinuka lote, likazunguka mara mbili, likaelekea mtoni. Bi Saleha alisubiri lirudi. Halikurudi.

Chini ya dungu Zuleha alikuwa akifinyanga. Tope lilimfika magotini. Alifinyanga kitu, akakivunja, akakifinyanga tena, akizungumza nacho, na kila mwito ulipomfikia alidaka bila hata kuinua kichwa. Bi Saleha alimtazama, akahisi kitu kikilegea mabegani, kitu alichokuwa amekishikilia tangu mwezi ulipoandama. Akajinyoosha kwenye jamvi apumzishe mgongo kidogo. Usingizi ukamchukua jumla.

Aliamshwa na mlio wa pikipiki. Alipoinuka, Mwalimu Anold alikuwa kwenye ukingo, suruali imekunjwa, na pembeni yake alikuwa Uweso, mtendaji wa kijiji, ameinua simu anapiga picha. Alipiga dungu, akapiga debe, akapiga watoto wenye tope. Akampiga picha Bi Saleha naye, ushungi umemteleza na jamvi limemchora shavuni.

"Bibi," alisema Mwalimu Anold, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si aliyekasirika. "Bibi, jamani."

Ofisi ya kijiji ilikuwa na benchi moja, na benchi lile lilijaa wazazi. Watoto watano walipigishwa magoti nje, kwenye kokoto, Zuleha akiwa wa mwisho, ng'ombe wa udongo bado kamshika kwa nyuma. Rahimu alifika kutoka Ushongo kwa bodaboda, amevaa fulana yake ya kazi, hajala. Hakumwamkia mama yake. Alisimama mlangoni kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa.

Uweso alifungua daftari. Alikuwa kijana wa pale pale, wa dungu la saba. Alipokuwa mdogo alikuwa na kigugumizi, na kwa ajili hiyo ndiye aliyekuwa mwenye ndege karibu kila siku. Bi Saleha alikumbuka jinsi alivyokuwa akimwita apumzike kwake, amgawie muhogo. Uweso naye, bila shaka, alikumbuka. Alimtazama mara moja, akahamia kwenye karatasi.

"Bibi Saleha, nahitaji kuandika sababu ya watoto hawa kukutwa shambani. Sababu ziko mbili. Walikuwa kazini, au walikuwa mchezoni?"

"Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ipo kubwa. Kama ni kazi, uliwachukua wewe. Ni kuwatumikisha watoto, kosa ni lako, kuna faini na onyo la maandishi. Kama ni mchezo, basi wametoroka wenyewe. Utoro wa kambi kamati ilishaupitishia: viboko sita na kuondolewa kambini."

Mama mmoja kwenye benchi alidakia. "Mchezo! Nimeuza kuku wangu wawili kuchangia kambi, mtu anakwenda kucheza! Afadhali ningeambiwa wanafanya kazi, ningejua kuna cha kushikika."

"Kwani ulikuwa unawalipa, Bi Saleha?" akauliza mwingine, na watu wakacheka kidogo.

"Niandike nini, bibi?" Uweso aliuliza tena. Halafu akaongeza, polepole, kama zamani alipoogopa neno lisimkwame, "Nisaidie."

Bi Saleha alitazama nje. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la kweli, na tangu likizo ianze alikuwa akilitafutia pa kulisema mbele ya watu wazima: walikuwa wanacheza, jamani, wanacheza tu, na mtoto kucheza si kosa. Sasa alikuwa ameulizwa, tena mbele ya hadhara, na kalamu ikimsubiri. Aliona magoti ya Zuleha kwenye kokoto, tope limekauka linapasuka.

"Kazi," alisema. "Niliwaita mimi. Waliniwingia ndege."

"Wote watano?"

"Wote. Walikataa, nikawalazimisha."

Zuleha huko nje aliinua uso. Alifungua kinywa, mwalimu akamwonyesha kidole, akakifunga.

Uweso aliandika kwa muda mrefu. Alimsogezea kidau cha wino. Bi Saleha alijua kuandika jina lake, alijifunza kwenye elimu ya watu wazima, lakini hakuna aliyemuuliza. Wakamshika dole gumba wakalikandamiza mahali pake. Watoto waliambiwa wasimame warudi kambini. Walipita mbele yake mmoja mmoja, na kwa kuwa mwalimu alikuwa akitazama, kila mmoja alimwamkia shikamoo, hata mjukuu wake, kama mgeni.

Njiani Rahimu alitangulia, mama yake nyuma. Walikwenda mpaka karibu na kisima.

"Umesema kazi," alisema Rahimu.

"Nimesema."

"Mbele ya watu. Sasa mimi ndiye mwanaume aliyeshindwa kumtunza mamake, mpaka anatumikisha watoto wa wenzake. Na hiyo faini naitoa wapi? Nikaombe tena nikatwe mshahara wa mbele?"

"Ningesema mchezo wangechapwa, baba. Wangemfukuza kambini na huo mtihani wenu usingekuwapo."

Rahimu alisimama. Alivua kofia, akaigeuzageuza, akaivaa. Kisha akamngoja mama yake amfikie, wakaenda sambamba, maana alikuwa ameanza kuchechemea.

Asubuhi ya Alhamisi Bi Saleha aliposhuka bondeni alikuta kuna mtu dunguni. Rahimu alikuwa juu, kifua wazi, kombeo mkononi, jasho linamtiririka.

"Hukwenda kazini?"

"Nimewaambia naumwa."

Alikuwa amefika tangu alfajiri. Alirusha mawe, akapiga debe, akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Alikuwa na nguvu mara kumi ya mama yake, na kwelea walimpa heshima hiyo: badala ya hatua kumi waliruka hatua thelathini. Kisha wakarudi. Saa tatu Rahimu aliketi, akaachia miguu ining'inie. Bi Saleha alipanda vipago vyake sita, naye akampokea mkono kwenye kile cha mwisho. Walikaa pamoja wakitazama jaruba la pili likiliwa.

"Mama," alisema Rahimu. "Sisi tulikuwa tunafanyaje? Nakumbuka mpunga ulikuwa unapona. Nakumbuka sikuwahi kuchoka. Tulikuwa tunafanyaje?"

"Hamkuwa mkifanya kitu. Mlikuwa mkicheza."

Rahimu aliokota kipande cha udongo kwenye jamvi, ng'ombe mwingine asiye na miguu ya nyuma aliyeachwa jana, akamsimamisha, akaanguka, akamsimamisha tena. Ng'ambo ya bonde watoto walikuwa wakiimba jedwali. Nane mara saba. Nane mara nane. Halafu Rahimu, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto wawili na faini moja, akasimama, akakusanya viganja mdomoni.

"Kwangu hawapooo!"

Ndege wa jaruba la pili waliinua vichwa. Rahimu alisubiri dungu la pili limjibu. Lilikuwa tupu, mfuko wa plastiki ukichezacheza juu yake. Mzee Yasini na wazee wenzake hawakuja leo. Alisubiri kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na Bi Saleha akaona aibu kumtazama.

Akaita mara ya pili, kwa nguvu zake zote, na sauti ikampasuka.

"Kwangu hawapooo!"

Kule shuleni jedwali lilikuwa limefika nane mara tisa. Kutoka katikati ya ile sauti moja ikachomoka nyingine, nyembamba, ya juu, haikufuata kipimo cha wenzake.

"Na kwangu hawapooo!"

Kundi zima la kwelea likainuka kwa pamoja, likaacha majaruba yote manne, likaenda zake. Rahimu aligeuka, uso wake umefunguka wote, na kwa kitambo kidogo Bi Saleha alimwona mwanawe aliyemjua. Alishavuta pumzi, anakusanya tena viganja.

Ng'ambo, jedwali lilikuwa limekatika. Hapakusikika kitu. Halafu likaanza upya, tangu moja, taratibu zaidi, na sauti ile nyembamba haikuwamo.

Bi Saleha alimshika mwanawe mkono, akaushusha.

"Usiite tena, baba," alisema. "Ni mtoto. Atajibu."